Mtani wa Mzee Ngollo

Apolinaria alimwona mtu yule wakati jogoo amekwisha kushikwa.

Ilikuwa saa tisa ya mchana, jua la Lusu limekaa juu ya vichwa vya watu kama mgeni asiyetaka kuaga. Apolinaria alikuwa uani na jirani yake Leonia, wanachambua michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, iliyoingia wadudu, na pamoja na michembe wanawachambua na watu, maana wanawake hawa wawili mikono yao haikuzoea kazi midomo ikiwa imefungwa. Walikuwa wamefika kwenye ndoa ya mpwa wa mwanangwa, mkuu wao wa kijiji, tena penye utamu wenyewe, mara wakasikia mbawa zinapiga. Kugeuka, wakaona mwanamume mrefu, mwembamba kama mwiko, kofia ya Kipwani kichwani, shuka imeraruka mpaka magotini. Amemkamata jogoo mwekundu kwa mkia, na jogoo anamchapa mabawa ya uso bila huruma.

Jogoo yule ndiye aliyebaki. Mwaka ule nzige walikuwa wamepita mara mbili. Mtama walikula, majani ya viazi walikula, na watu walisema wangekuwa na meno wangemaliza na mawe ya kusagia. Kuku wa nyumba ile walikuwa wamekwenda mmoja mmoja, kila mmoja na mgeni wake, kwa sababu Kasimiri, mume wa Apolinaria, alikuwa katekista, na nyumba ya katekista haina siku ya kufunga mlango. Na hata asingekuwa katekista, Apolinaria mwenyewe alikuwa mtu asiyeweza kula vizuri pasipo mtu wa kumtazama akila.

Mwanamke mwingine angepiga ukunga. Apolinaria alipiga kigelegele.

"Mtani!" Michembe ikamwagika chini. "Mtani amekuja! Wee mla pweza, wee mwizi usiye na haya, hata kuiba hujui? Jogoo gani anashikwa mkia kama ufagio?"

"Mzaramo wewe?" Leonia akadakia. "Au ni maiti imetoka kuomba chumvi?"

Mtu yule aliutazama mlango wa ua, akawatazama wanawake, akatazama mchi uliokuwa karibu na mkono wa Leonia. Akatikisa kichwa, ndiyo. Jogoo hakumwachia.

Asiyejua utani wa njia ya zamani atadhani wanawake hawa walirukwa na akili. Enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wao na Wazaramo walilishana njiani, waliuguzana, walizikana. Na mtu aliyemzika ndugu yako huwezi tena kumwonea haya. Basi ukazaliwa utani. Mtani huingia kwako mchana kweupe, akachukua kuku, akakutukana wewe na marehemu babu yako, nawe ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayeingia kaburini kukupokelea maiti wako.

Na nyumba ile ilikuwa imemngoja Mzaramo mwezi wa saba sasa.

Aliyemngoja hasa ni Mzee Ngollo, baba yake Kasimiri. Ujanani alikuwa mpagazi, amekwenda pwani mara nne kwa miguu. Uzeeni aliwaona watoto wake wote wakibatizwa, akafurahi. Kigango kilipojengwa alikanyaga udongo wa matofali kwa miguu yake mwenyewe. Ila yeye kubatizwa alikataa. "Kuna jambo langu na mtani," alisema. "Mungu nitazungumza naye baadaye." Tangu mvua zilipokatika alikuwa kitandani. Padri wa Ndala alikuja mara tatu, na mara ya tatu mzee alimwambia, "Padri, wewe utaniondolea la upande wa Mungu. La upande wa Wazaramo ataniondolea nani?" Padri alifikiri sana, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Kasimiri alituma watu Tabora kwa Mzaramo mmoja wa reli, wakakuta amehamishwa. Lusu hakukuwa na Mzaramo hata wa dawa. Na sasa siku nne mzee alikuwa hapokei kitu ila maji ya kulowesha ulimi. Kasimiri, aliyefundisha dini nusu ya Lusu, alikuwa anamtazama baba yake akiondoka bila ubatizo na bila amani, na hakuna mtu aliyejua hata hilo jambo lenyewe ni jambo gani.

Ndiyo maana Apolinaria hakumwona mwizi. Alimwona Mzaramo.

"Keti hapo, mchawi wa pwani!" akamvutia kigoda. "Leonia, mwite Yahaya aje achinje."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kuku wa mgeni alichinjwa na Yahaya mshona nguo, Mwislamu, ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi. "Sitaki mtu afike kwangu aanze kuulizia kisu," alikuwa akisema.

"Msimsumbue mtu, mama," mgeni akasema kwa sauti ndogo. "Chinjeni tu."

Leonia akainua nyusi. "Mzaramo gani huyu, Mama Flavia, asiyeuliza kisu?"

"Mwenye njaa. Hebu nenda kwa Yahaya, acha upelelezi."

Kuku akachinjwa, akapikwa, ugali wa mtama uliochanganywa na unga wa michembe ukasongwa. Habari ilikuwa imetembea kuliko moshi, uani watu wamejaa, kila mmoja na tusi lake mkononi. Mgeni alinawa, akala. Alikula kama mtu anayemwaga maji kwenye mchanga. Na kila Apolinaria alipomsogezea kitu alisema, "Ahsante, mama. Ahsante sana."

"Tukana basi!" Leonia akamchokoza. "Sema ugali wetu mbichi. Sema mchuzi wetu maji ya kunawia."

"Ugali ni mzuri, dada."

"Mh. Mtani huyu ameharibikia njiani."

Watu wakacheka. Apolinaria naye alicheka, ila alianza kuhisi kijiwe ndani ya kiatu. Mtani hashukuru. Mtani anadai chako kwa haki yake. Akatazama miguu ya mgeni, akaona vidole vimevimba kwa funza. Akajiambia, kuchoka huko.

Kutoka ndani sauti ikasikika, nyembamba kama uzi. "Anachekwa nani huko?"

"Mtani, Baba!" Apolinaria akajibu, machozi yakimlenga. "Mzaramo amekuja!"

Mzee akasema, "Mleteni kabla hajashiba. Akishiba ataingiwa na huruma."

Kasimiri alikuwa amefika kutoka shambani akikimbia. Wakaingia yeye, mkewe, mgeni na Leonia, ambaye hakuitwa lakini hajawahi kungoja kuitwa. Wengine wakabaki mlangoni. Apolinaria akapanda kitandani akamwinua mzee, akamwegemeza kifuani pake kama mtoto. Hakuwa na uzito wa maana.

"Shikamoo, Mzee," mgeni akasema.

"Usiniamkie. Mtani haniamkii. Sikiliza." Mzee Ngollo akavuta pumzi. "Nilikuwa na rafiki, Mfaume, mtu wa Maneromango. Tulipokezana mzigo mmoja miezi mitatu. Tunarudi huku, ndui ikamshika katikati ya Mgunda Mkali. Wewe unapajua. Nyika, siku nne hakuna kisima. Kiongozi akasema aachwe. Nikasema nitabaki naye, mimi ndui nimeugua utotoni, hainirudii. Wakatuachia kibuyu kimoja cha maji."

Apolinaria akamwinua kidogo apate pumzi.

"Asubuhi ya pili nikamwambia Mfaume, naenda kutafuta maji. Nikachukua kibuyu. Kilikuwa na maji ndani, nikitembea yanalia. Mfaume aliyasikia. Alinitazama, hakusema neno. Nikaenda. Nikayanywa peke yangu mpaka nikaufikia msafara, nikawaambia amekufa mikononi mwangu. Watu wakanisifu. Miaka arobaini nayasikia yale maji yakilia. Haya, mtani. Wewe ni mtu wake. Nilaani au nifungue. Usinipunguzie."

Apolinaria alihisi moyo wa mzee ukimgonga mkononi kama ndege. Sema neno, alimwomba mgeni kimoyomoyo. Lolote. Sema basi, yamekwisha, inatosha, tumpe maji ya Kristo apumzike.

Ingekuwa rahisi kwa mgeni, kila mtu chumbani alikuwa amekwisha kumwandalia neno. Lakini alipiga magoti kwenye udongo, akavua ile kofia.

"Mzee, nisamehe mimi. Mimi si Mzaramo. Mimi ni Mkerewe, naitwa Nikolaus, Mkristo kama nyinyi. Nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, tukapunguzwa. Kofia nilipewa na mtu huko. Nilikuwa naiba jogoo kwa sababu ya njaa, mama huyu akaniita mtani, nikaona afadhali niwe mtani kuliko kupigwa mchi. Neno unalolitaka silo langu. Siwezi kuliiba na hilo."

"Nilisema!" Leonia akaruka. "Nilisema habari ya kisu!"

Kasimiri, mtu mpole ambaye hata mbuzi aliwafukuza kwa adabu, alimshika mgeni shingo ya shuka. "Umecheza na roho ya baba yangu. Twende kwa mwanangwa." Mlangoni sauti zikapanda, mpelekeni, mfungeni, mwizi mkubwa. Na Mzee Ngollo akageuza uso ukutani. Pumzi yote aliyokuwa ameikusanya ikamtoka, akawa mwepesi zaidi kifuani pa Apolinaria, kama mzigo ulioanza kumwagika.

Apolinaria aliwaka. Alitaka jogoo wake arudi kutoka tumbo lile, unyoya kwa unyoya. Alikuwa amelisha watu wangapi katika nyumba ile? Wachuuzi wa chumvi, wachunga ng'ombe wa Ziba, wanafunzi wa dini, wendawazimu wawili. Lakini kila mmoja alimwachia kitu, habari ya mbali, kicheko, umbea wa kumfikisha Jumapili. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa amempokea mtu aliyeleta hasara tupu. Na hapo, akiwa ameshikilia mifupa ya mkwewe, akaelewa kwa uchungu kwamba labda huyu ndiye mgeni wake wa kwanza.

Akaona vidole vya mtu yule, bado vina mchuzi. Sahani yake ilikuwa nje, nusu.

"Mwachie, Baba Flavia."

"Amesema uongo, mama."

"Amesema uongo akiwa na njaa, akasema kweli akiwa na chakula tumboni. Wengi ninaowajua mimi hufanya kinyume. Kuku nilimpa mgeni, sikumpa kabila. Leonia, lete sahani yake, nzi wasije wakashiriki."

Leonia alimtazama rafiki yake, akaenda akaileta.

"Kula," Apolinaria akasema. Nikolaus hakuweza. Sahani ilikaa magotini mwake na yeye analia kimya, kamasi na yote. Na kwa kuwa Apolinaria, hata siku ya kiyama itakapofika, atauliza kwanza nani kaja na nani, akamwuliza, "Hebu niambie, Mkerewe. Kwa nini hukupiga hodi? Nyumba hii hata mbwa wa njiani anaujua mlango wake."

"Nimepiga hodi nyumba tatu tangu jana, mama. Wakiniona wanaona homa, wanafunga. Siwalaumu. Wenzangu wenyewe niliotoka nao mkonge waliniacha."

"Walikuacha wapi?"

"Huko, ukishapita Manyoni. Nauli hatukuwa nayo, tukafuata njia ya miguu. Kwenye vichaka. Pale alipopataja Mzee."

Apolinaria alihisi kichwa cha mkwewe kikisogea kifuani pake.

"Walikuachia maji?" Mzee Ngollo aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Walisema wanakwenda kuyatafuta."

"Uliwaamini?"

"Hapana, Mzee. Mtu anayekwenda kurudi haangalii nyuma mara mbili."

Ndipo mzee, ambaye tangu Jumapili aligeuzwa na watu wawili, akageuka mwenyewe. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa.

"Siku ya kwanza. Nieleze."

"Niliwalaani. Wote wanne kwa majina, na mama zao."

"Vizuri. Ya pili."

"Niliwaita. Kwa majina yale yale, ila kuwaita tu."

"Ya tatu."

Nikolaus alitazama mikono yake. "Ya tatu niliwaombea wafike."

"Usinidanganye. Umekwisha kunidanganya mara moja leo."

"Sikudanganyi. Wala sikuwa mtakatifu, Mzee. Niliwaza, hawa wasipofika, nani atamwambia mama yangu nilipolala? Basi nikawa nawasukuma kwa sala, kama unavyosukuma mtumbwi utoke mchangani. Nikisukuma, nikatafuta ile hasira yangu, sikuiona. Haikuwa na pa kushika tena. Yale maji waliyochukua, nilitaka wayanywe. Nilitaka yawafikishe." Akapangusa uso. "Siku ya nne alipita mama wa Kigogo na punda zake. Alinitilia maji mdomoni kwa kiganja. Hakuniuliza hata jina."

"Mfaume hakupata Mgogo," mzee akanong'ona.

"Sijui ya Mfaume, Mzee. Siwezi kumsemea. Najua tu ya mtu aliyelala pale."

Mlangoni watu waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamevua kofia, na hakuna aliyewaambia wavue. Apolinaria alisikia vinyweleo vimesimama mikononi mpaka begani. Yeye aliyejua kila kilichotokea Lusu kabla hakijatokea, alihisi amekaa miaka yote katika nyumba asiyoijua ukubwa wake. Chumba kilikuwa kimejaa, watu bega kwa bega, na bado alihisi kuna mmoja zaidi ameingia, asiyepiga hodi, na kila mtu amejisogeza kidogo kumpa nafasi.

Kifuani pake mwili wa mzee ulitetemeka mara moja, mara mbili, kisha ukalegea. Alidhani amekufa. Akainama kumtazama, akakuta analia, machozi machache ya mtu asiye na maji mengi mwilini.

"Kasimiri," mzee akasema. "Lete maji yako."

Kasimiri alichota kata ya maji mtungini. Matone yakaanguka njia nzima. Akaanza, "Baba, unamsadiki Mungu..."

"Ngoja. Mpe huyu kwanza."

"Baba, haya ni ya ubatizo."

"Ndiyo. Mpe anywe. Mimi namngoja."

Kasimiri alimtazama mkewe, kama mtu aliyesoma kitabu chote na ukurasa huu haumo. Apolinaria alinyoosha mkono, akaichukua ile kata, akampa Nikolaus.

Nikolaus alikunywa. Koo lake lilisikika chumba kizima, funda kwa funda, na macho ya Mzee Ngollo yalifuata kila funda lilivyoshuka. Alipotaka kubakiza, mzee akasema, "Yote." Akamaliza. Akaigeuza kata kuonyesha, tone moja likaanguka kwenye udongo.

Bila kuambiwa, bila kusema hata neno moja, Leonia aliichukua kata, akaenda mtungini, akaijaza tena, akamletea Kasimiri.

Mzee Ngollo akabatizwa hapo hapo, kifuani pa mke wa mwanawe, na maji yaliyomwagika kichwani kwake yalimlowesha Apolinaria mpaka tumboni. Hakujipangusa.

Mzee hakufa siku ile, wala kesho yake. Aliishi siku kumi na moja zaidi, akala uji, akalalamikia chumvi. Alipofariki, Nikolaus alikuwa bado yupo. Aliingia kaburini akampokea, kazi ya mtani, na hakuna mtu Lusu aliyeuliza kabila lake. Kisha akaenda zake kwao, ng'ambo ya maji.

Leonia, mwezi haujaisha, alikuwa amekwisha kuieneza habari mpaka Nzega kwamba alikuwa malaika. Wengi waliipenda hivyo. Walikuja kwa Apolinaria kuthibitisha, wakakaa uani, wakapewa michembe, maana hakukuwa na kingine.

"Malaika!" Apolinaria alikuwa akisema. "Nilimtoa funza kumi na tisa mimi mwenyewe, kwa mwiba, analia kama mbuzi. Malaika angeshindwa na jogoo? Malaika akifanya vile nisingeshangaa, ndiyo kazi aliyotumwa. Yule alikuwa mtu, jamani. Mtu, na njaa yake."

Hapo hunyamaza. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Apolinaria akinyamaza kwa jambo jingine lolote, watu nao hunyamaza.